Tanganyika Daraja B, Palestina Daraja A

Mwezi Julai 1922 Tanganyika na Palestina ziliandikwa katika daftari moja. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, Mjerumani amenyang'anywa makoloni yake, Mturuki amenyang'anywa nchi za Waarabu, na washindi walitaka kuzishika nchi hizo bila kuonekana kwamba wanagawana nyara. Wakatunga utaratibu wa udhamini. Kifungu cha 22 cha mkataba wa Shirikisho la Mataifa kilisema kwamba watu ambao bado hawajaweza kusimama wenyewe watalelewa na mataifa makubwa, na kwamba ustawi wao ni amana takatifu. Neno walilolichagua ni hilo hasa: amana. Kisha nchi zikapangwa kwa herufi tatu.

Daraja A zilikuwa nchi zilizotoka kwa Mturuki: Iraq, Syria, Lebanon, Palestina na ng'ambo ya Mto Yordani. Hizi zilihesabiwa kuwa zimekaribia uhuru kiasi kwamba zingeweza kutambuliwa kwa muda kuwa mataifa, kazi ya mdhamini ikiwa ni kushauri na kusaidia mpaka zisimame. Daraja B tulikuwa sisi Tanganyika, pamoja na Rwanda na Burundi, Kamerun na Togo. Daraja C waliwekwa wale ambao Ulaya iliwaona wako nyuma kabisa, na humo ikatiwa Namibia ya leo, chini ya Afrika Kusini.

Nafundisha sheria, na kila mwaka huwaandikia wanafunzi ubaoni miaka ambayo amana hizo zilirudishwa. Iraq 1932. Lebanon 1943. Syria na Jordan 1946. Tanganyika 1961, Rwanda na Burundi 1962. Namibia, ya daraja la mwisho, ilisubiri na kupigana mpaka 21 Machi 1990, lakini ikapata. Mbele ya jina la Palestina naacha nafasi tupu. Aliyekuwa daraja la kwanza, aliyeambiwa tangu 1922 kwamba uhuru wake uko mlangoni, hajaupata. Na mdhamini wake alikuwa yuleyule wa kwetu, Mwingereza.

Hati ya udhamini wa Palestina ilibeba kitu ambacho ya Tanganyika haikuwa nacho. Tarehe 2 Novemba 1917, kabla jeshi la Uingereza halijaingia Yerusalemu, waziri wake wa mambo ya nje, Arthur Balfour, alimwandikia Lord Rothschild, mmoja wa viongozi wa Wayahudi wa Uingereza, barua fupi akisema serikali inaunga mkono kuanzishwa kwa makao ya kitaifa ya Wayahudi huko Palestina. Barua hiyo iliingizwa ndani ya hati ya udhamini, ikawa sehemu ya kazi ya mdhamini. Sensa ya 1922 ilihesabu watu wapatao 757,000, na kati yao Wayahudi walikuwa kama 84,000. Waliobaki, takriban watu tisa kwa kila kumi, barua haikuwataja hata kwa jina lao. Iliwaita jamii zisizo za Kiyahudi, ikaahidi kulinda haki zao za kiraia na za kidini. Haki zao za kisiasa hazikuahidiwa popote. Mwanasheria akiisoma barua ile huona pengo hilo mara moja, na mambo mengi yaliyofuata yalipita katika pengo hilo.

Msomaji wa Eldoret anaijua tabia hii kwa karibu zaidi kuliko anavyodhani. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa tayari kuwapa viongozi wa harakati ya Kizayuni nyanda za Uasin Gishu. Jambo lilijadiliwa katika mkutano wa harakati hiyo mjini Basel, watu wakatumwa kuja kuikagua ardhi, na mwaka 1905 mkutano wao ukakataa. Wamasai na Wanandi hawakuulizwa. Nyanda zile baadaye walipewa walowezi wengine. Naukumbuka mkasa huu kila nikisikia ikisemwa kwamba mgogoro wa Palestina ni ugomvi wa kale wa dini mbili. Mtu wa London aliyeweza kuigawa Uasin Gishu kwa wino hakuwa na ugomvi wa dini na Wanandi. Aliamini tu kwamba ardhi ya watu wengine iko mkononi mwake, aitoe apendavyo.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Wayahudi waliokimbilia Palestina walikuwa wakikimbia kifo cha kweli: mauaji ya halaiki ya mitaani huko Urusi, kisha Hitler, ambaye utawala wake uliua Wayahudi milioni sita huku nchi nyingi tajiri zikiwafungia milango. Hawakuwa na pa kwenda. Lakini deni lile lilikuwa la Ulaya, na aliyelipishwa ni mkulima wa Galilaya na Yafa ambaye hakumfukuza mtu.

Uingereza ilipoona moto umeiwakia, ilirudisha faili kwa Umoja wa Mataifa. Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu lilipiga kura 33 kwa 13 kuigawa nchi. Wayahudi, waliokuwa kama theluthi moja ya watu, walipangiwa zaidi ya nusu ya ardhi. Tanganyika, Kenya, Uganda na Congo hazikuwa na kiti ukumbini siku hiyo. Sehemu kubwa ya Afrika na Asia ilikuwa bado chini ya bendera za watu wengine. Vita ikafuata. Kufikia 1949 Israel ilikuwa imeshika asilimia 78 ya nchi yote ya udhamini, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikuwa wameondolewa au wamekimbia, na vijiji zaidi ya 400 vilikuwa vimebaki bila wenyewe. Wapalestina wanayaita maafa hayo Nakba. Azimio namba 194 la Desemba 1948 lilisema wakimbizi wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe, na wasiotaka walipwe fidia. Halijatekelezwa mpaka leo.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vita inaeleza namna watu walivyoondoka, lakini haielezi kwa nini hawakurudi. Kilichowazuia ni sheria.

Iqrit ni kijiji kidogo cha Wakristo, kaskazini kabisa mwa Galilaya, karibu na mpaka wa Lebanon. Jeshi la Israel liliingia mwisho wa Oktoba 1948 bila kupigana na mtu. Siku chache baadaye wanakijiji waliambiwa waondoke kwa muda wa wiki mbili tu, hali ya mpakani itulie, kisha watarudi. Wakahamishiwa kijiji cha Rameh. Wiki mbili zikawa miezi, miezi ikawa miaka. Watu wa Iqrit hawakuchukua silaha, walikwenda mahakamani. Julai 1951 Mahakama ya Juu ya Israel iliamua kwamba hakuna kikwazo cha kisheria kinachowazuia kurudi. Walishinda kesi. Wakati wa Krismasi mwaka uleule, jeshi lilizilipua nyumba zao. Likaacha kanisa.

Ardhi yao baadaye ilitwaliwa kwa sheria ya mwaka 1953 iliyohalalisha utwaaji wa aina hiyo. Wengine wengi walipatwa na Sheria ya Mali za Wasiokuwepo ya mwaka 1950. Sheria hiyo ilimfanya kuwa hayupo mtu yeyote aliyeacha makazi yake wakati wa vita akaenda nchi ya adui, au hata akakimbilia kijiji cha pili kilichokuwa bado mikononi mwa Waarabu. Mali yake ikaenda kwa mtunzaji wa serikali. Maelfu ya watu hao hawakutoka nje ya nchi kamwe; walipewa uraia wa Israel, walipiga kura, walilipa kodi, na mbele ya masjala ya ardhi walikuwa hawapo. Wanaitwa waliopo-wasiokuwepo. Katika miaka yangu yote ya kusoma sheria sijakutana na neno zito kuliko hilo. Mtu amesimama mbele ya karani, ana miguu miwili, ana kitambulisho, na karani anamwambia kwamba kwa mujibu wa faili hayupo.

Katika Ukingo wa Magharibi, ambao Israel iliuteka mwaka 1967 pamoja na Yerusalemu ya Mashariki na Gaza, kazi hiyo ya kutwaa ardhi ilifanywa kwa sheria ya zamani zaidi. Mwaka 1858 Waturuki walitunga kanuni ya ardhi iliyogawa ardhi katika makundi, likiwamo waqf, ambalo watu wa pwani yetu wanalijua kama wakfu. Kundi kubwa liliitwa miri: ardhi ambayo asili yake ni ya dola, lakini mkulima akiilima miaka kumi anapata haki yake, na akiiacha miaka mitatu bila sababu anaweza kuipoteza. Kundi jingine ni mawat, ardhi iliyokufa, na kipimo chake kilikuwa sauti: mahali ambapo mtu akisimama ukingoni mwa kijiji akapiga ukelele, ukelele haufiki. Mturuki alikadiria umbali huo kuwa maili moja na nusu. Wabedui wa Naqab, ndani ya Israel, walipodai ardhi ya mababu zao, majaji mwaka 1984 waliiacha sauti wakaushika umbali, tena kuanzia kwenye mji au kijiji kinachotambuliwa. Kambi ya mahema haikuhesabiwa kuwa kijiji, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kuanzia kupima.

Wakulima wengi wa enzi ya Mturuki hawakuandikisha mashamba yao. Waliogopa kodi, wakaogopa watoto wao kuchukuliwa jeshini. Masjala waliiita tabu, na ingawa neno lao na letu yametoka kwenye mizizi tofauti, sikio la Mswahili halikosei sana. Serikali ya Jordan ilianza kupima na kuandikisha upya, ikawa imefika kama theluthi moja ya Ukingo wa Magharibi vita ya 1967 ilipotokea. Mwaka 1968 amri ya kijeshi ya Israel ilisimamisha uandikishaji. Kwa hiyo theluthi mbili za ardhi zilibaki bila hati, na mlango wa kuipata hati ukafungwa.

Sasa angalia namna shamba linavyoondoka. Ofisa anachukua picha za angani, anatafuta vipande vinavyoonekana havikulimwa: mteremko wa mawe, kichaka, kipande kilichopumzishwa. Serikali inatangaza kwamba hivyo ni ardhi ya dola. Mwenye shamba ana siku 45 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kijeshi, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Asipothibitisha, siku moja anaona tingatinga juu ya kilima na nyumba za vigae vyekundu zinapanda. Kwetu, kwenye mgogoro wa shamba kijijini, mzee akiulizwa ushahidi huanza na makaburi, halafu mwembe au mnazi uliopandwa na babu yake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua umiliki wa mila hata kama karatasi haipo. Mkulima wa Nablus naye anaanza hapohapo. Anaonyesha mizeituni ambayo mashina yake hayakumbatiki na watu wawili. Anajibiwa kuhusu picha ya angani.

Walowezi wa Israel katika Ukingo wa Magharibi na Yerusalemu ya Mashariki leo ni takriban 700,000. Kifungu cha 49 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinakataza dola inayokalia nchi kwa mabavu kuhamishia raia wake humo.

Na herufi zetu tatu zilirudi. Mapatano ya Oslo ya mwaka 1995 yaliugawa Ukingo wa Magharibi katika maeneo A, B na C. Eneo A, asilimia kama 18, ni miji ambayo Mamlaka ya Palestina inaendesha shughuli zote. Eneo B, kama 22, Wapalestina wanashughulikia shule na hospitali na Waisraeli wanashika usalama. Eneo C, kama asilimia 60, liko chini ya Israel moja kwa moja, na humo ndimo yalimo mashamba mengi, malisho na ardhi ya kupanuka. Ilikuwa iwe hivyo kwa muda wa miaka mitano. Vipande vya A na B vimetawanyika kama visiwa, na bahari inayovizunguka ni C.

Kuishi ndani ya C maana yake ni kuomba kibali. Cha nyumba, cha zizi la mbuzi, cha paneli ya umeme wa jua, na tangu amri ya mwaka 1967, cha kisima pia. Maombi mengi mno hukataliwa. Asiye na kibali hujenga hivyohivyo, kwa sababu watoto wanazaliwa na mvua zinanyesha, kisha anasubiri amri ya kubomolewa. Yapo mashimo ya kukingia maji ya mvua yaliyochimbwa kwenye mwamba na vizazi vya nyuma ambayo yamejazwa kifusi. Msimu wa kuvuna zeituni, Oktoba na Novemba, mwenye shamba lililo karibu na makazi ya walowezi hupangiwa siku za kuingia, mara nyingine chache mno, chini ya ulinzi wa askari. Zeituni isiyochumwa siku hizo hudondoka. Watu wakiuliza haki ya kujiamulia mambo ina maana gani kwa mtu wa kawaida, mimi huwapa mfano huo: ni kuvuna zao lako siku lilipoiva.

Katika sheria ya kimataifa haki hiyo ina mizizi yetu pia. Azimio namba 1514 la Desemba 1960, lililopitishwa mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika, lilitamka kwamba watu wote wana haki ya kujiamulia mustakabali wao, na kwamba kutokuwa tayari kisiasa, kiuchumi au kielimu kusitumike kama kisingizio cha kuchelewesha uhuru. Mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikiamua kuhusu Namibia, ilisema Afrika Kusini imo humo kinyume cha sheria na iondoke, na kwamba amana ya Namibia ya mwaka 1920 haikufa pamoja na Shirikisho la Mataifa. Mwaka 2019 ikasema hivyohivyo kuhusu Visiwa vya Chagos: Mwingereza aliye humo aondoke. Palestina ilifika mahakamani hapo mwaka 2004 kwa ajili ya ukuta ambao Israel ilikuwa ikiujenga katika Ukingo wa Magharibi, na majaji 14 kwa 1 wakasema kuujenga ndani ya ardhi inayokaliwa ni kuvunja sheria. Tarehe 19 Julai 2024 wakaenda mbali zaidi. Kwa kura 11 kwa 4 walisema kuwepo kwa Israel katika maeneo hayo ni kinyume cha sheria na lazima kukome haraka iwezekanavyo, na kwa kura 12 kwa 3, kwamba dola nyingine zote zina wajibu wa kutokuutambua wala kuusaidia ukaliaji huo.

Kati ya wanne waliopinga alikuwemo Jaji Julia Sebutinde wa Uganda, makamu wa rais wa mahakama. Hoja yake moja inatugusa Waafrika, nami naiheshimu vya kutosha kuijibu. Alitumia kanuni ya mipaka iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, ile ambayo viongozi wa Afrika waliikubali Cairo mwaka 1964, kusema kwamba mipaka ya udhamini ndiyo iliyorithiwa na Israel mwaka 1948. Lakini kanuni ile tuliikubali ili majirani wasipigane kwa ajili ya mistari ya ramani. Haikuwahi kumwambia mtu aliye ndani ya mstari kwamba yeye hana sauti. Majaji wawili wengine wa Afrika, Abdulqawi Yusuf wa Somalia na Dire Tladi wa Afrika Kusini, walikuwa upande wa wengi.

Siwezi kuandika haya nikaruka tarehe 7 Oktoba 2023. Siku hiyo wapiganaji wa Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 nchini Israel na kuteka wengine kama 250. Vijana wawili wa Kitanzania, waliokwenda kujifunza kilimo, waliuawa. Haki ya kupigania uhuru haimpi mtu ruhusa ya kuua raia, na nasema hivyo nikiwa upande wa Wapalestina. Vita iliyofuata imeua Gaza zaidi ya watu 60,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko, wakiwemo wanawake na watoto wengi, na karibu kila aliyebaki amehamishwa, mara nyingi zaidi ya mara moja. Wengi wa watu wa Gaza ni familia za wakimbizi wa 1948. Mtoto aliyelala hemani Khan Younis ni mjukuu au kitukuu wa mtu aliyelala hemani mwaka ule. Novemba 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa viongozi wa Israel, Benjamin Netanyahu na Yoav Gallant, na kwa kamanda wa Hamas, Mohammed Deif. Ni mwanzo unaostahili, kwa sababu uliangalia pande zote mbili.

Tanzania ilikuwa na urafiki na Israel miaka ya mwanzo. Wataalamu wa Israel walisaidia kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Mwaka 1973 tulivunja uhusiano huo na kuwapokea Wapalestina, kwa hoja ileile tuliyoitumia kwa Msumbiji na Namibia. Mwaka 1995 tukarudisha uhusiano. Sioni kosa kuongea na pande zote. Kosa ni kusahau kwamba tulikuwa katika daftari lile.

Tarehe 21 Septemba 2025 Uingereza, mdhamini wa daraja A, ilitangaza kuitambua dola ya Palestina. Ilikuwa imepita miaka 77 tangu askari wake wa mwisho waanze kupanda meli bandarini Haifa.

Kule Iqrit kanisa bado limesimama juu ya kilima. Tangu miaka ya 1970 watu wa kijiji kile wanaruhusiwa kuzika hapo, kwa hiyo wazee wanaofariki Rameh na Haifa wanapandishwa kilimani na kulazwa kando ya wazazi wao. Mwaka 2012 baadhi ya wajukuu walianza kulala kwa zamu katika chumba kilicho kando ya kanisa. Walipanda miti, na maofisa wa ardhi wakaja kuing'oa.